Kisu Hakina Mkanda: Nasaha kwa Vijana Wanaofufua Mashine za Nyasi Stockholm

Wanangu, neno langu ni kwenu nyinyi mnaonunua mashine kuukuu za kukata nyasi kule Bromma, Enskede na Täby, mkazipeleka Husby na Tensta kwa gari la kuazima, mkang'oa injini ya hii na kuifunga kwenye kitako cha ile, lile ganda linalofunika kisu. Nimeziona kazi zenu. Nyingine nimezishika, nikazipindua na kuzichungulia chini. Mikono mnayo, na hilo nalisema kwanza ili asije mtu akadhani mzee amekuja kuwavunja moyo. Lakini nimeona pia mashine zilizouzwa zikiwa na kasoro ambayo mnunuzi hawezi kuijua mpaka siku imdhuru, na hilo siwezi kulinyamazia.

Naelewa kwa nini kazi hii imewavutia. Stockholm imejaa vitako vizima ambavyo injini zake zimekufa. Husqvarna walianza kuuza mashine ya nyasi inayojiendesha kwa nguvu ya jua mwaka 1995, na leo ukipita mitaa ya nyumba za bustani utaona viroboti vikitambaa kwenye nyasi mchana kutwa, huku mashine ya petroli ya baba mwenye nyumba ikiwa imesukumwa nyuma ya banda. Ikifika siku ya kusafisha banda, inatangazwa Blocket, soko la mtandaoni la vitu vilivyotumika, kwa bei ya chakula cha mchana. Halafu kuna injini ambazo hata mwenyewe akitaka kuzitengeneza hapati vipuri kwa urahisi. Tecumseh wa Marekani, ambao injini zao zilifungwa kwenye mashine nyingi za Ulaya, waliacha kuunda injini mwishoni mwa 2008. Kitako nacho hakina haraka ya kufa. Vile vya Klippo, mashine iliyozaliwa Malmö, ni vya alumini ya kusubu, havijui kutu. Vya bati la chuma huoza, lakini vikifutwa majani mabichi kila baada ya kazi vinaishi miaka mingi. Kwa hiyo kijana mwenye akili anatazama kitako kizima upande huu na injini nzima upande ule, anasema: nitavioanisha. Ndivyo hata mimi ningesema.

Nimelelewa na kazi ya kuoanisha. Nilikulia Tanga, upande wa mashamba ya mkonge, ambako korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilikuwa haingoji kipuri kifike kwa meli. Kwenye vinu vya mahindi vya vijijini ilitawala injini ya Lister ya silinda moja, ile iliyosikika kijiji cha pili, ikizunguka mara 650 kwa dakika. Ikifa, fundi alitafuta injini yoyote yenye nguvu inayokaribiana, hata kama ilizunguka mara 1,500, na hakuwa na hofu. Alikereza puli ndogo zaidi ya kuweka kwenye injini, akakata mkanda kwa urefu mpya, na kinu kikazunguka vilevile kama jana. Hata akikosea hesabu kidogo, mkanda ulimsamehe. Jiwe likiingia kwenye kinu, mkanda uliteleza au ukaruka nje ya puli, watu wakapiga kelele, injini ikazimwa, kazi ikaanza upya.

Ufundi huo mmeurithi, wengine kwa baba zenu mafundi wa Gerezani kule Dar es Salaam, wengine kwa ndugu zenu wa Kamukunji kule Nairobi, na wengine mmeuona Goma na Bujumbura. Nauheshimu sana. Lakini uliota kwenye mashine za mkanda, na mashine ya nyasi ya kusukuma kwa mkono haina mkanda kati ya injini na kisu. Chomoeni waya wa plagi, ilazeni mashine upande ili kichujio cha hewa kitazame juu, kisha mtazame. Shafti inatoka tumboni mwa injini, inashuka wima kupitia tundu la kitako, na kisu kimefungwa kwenye ncha ya shafti hiyohiyo kwa boliti moja. Hakuna puli. Mkanda ukiuona, basi ni wa kuvutia magurudumu tu. Injini ikizunguka mara 2,900, kisu nacho ni 2,900. Kisu kikigonga mwamba, injini nzima imegonga mwamba. Kila mtakachokibadilisha juu kinafika chini papo hapo, na hakuna kitu cha katikati cha kusamehe. Ukishafunga injini ambayo kiwanda hakikuifunga, hesabu aliyoifanya yule mhandisi wa kiwanda imefutika, na mwenye kuifanya upya ni wewe. Wengi wenu hamuifanyi. Mnaangalia kama boliti zimeingia na kama inawaka.

Anzeni na mwendo. Kitako cha sentimita 53 hubeba kisu cha urefu unaokaribia huo. Kwa mizunguko 2,900 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida kwa injini za nyasi, ncha ya kisu inakwenda kama mita 80 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Sasa chukueni injini iliyotoka kwenye mashine ya kuoshea magari kwa presha. Najua mnazipenda hizo, kwa sababu nyingi zina shafti ya wima, ni rahisi kupatikana na mara nyingi hazijachoka. Lakini ziko zilizopangwa kwenda hadi 3,600. Kwa mwendo huo ncha ya kisu kilekile inakaribia mita 100 kwa sekunde, kilomita 360 kwa saa. Viwango vya usalama vya Marekani viliweka mpaka wa futi 19,000 kwa dakika, ambao ni mita 96.5 kwa sekunde, na Ulaya hutumia mpaka huohuo. Mmeuvuka, na kisu hamkukigusa. Tena nguvu inayotaka kukikata kisu haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake: mwendo ukiongezeka kwa robo, nguvu hiyo inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kisu chenye ufa mwembamba karibu na tundu la boliti, ambacho kingefanya kazi miaka mitatu zaidi kwenye injini yake ya asili, kinaweza kukatika wiki ya kwanza kwenye hiyo mliyokipa.

Na ardhi ya mji huu si ya kuchezea. Stockholm imekaa juu ya mwamba. Kwenye bustani za Älvsjö na Enskede utaukuta mwamba wenyewe umechomoza katikati ya nyasi, umelainishwa na barafu ya zama za kale, na pale unapoishia hauonekani kwa sababu majani yameufunika. Tena kila msimu wa baridi changarawe humwagwa kwenye njia za miguu watu wasiteleze, na theluji ikisukumwa pembeni changarawe inakwenda nayo, inabaki kwenye kingo za nyasi mpaka Mei. Anayekata nyasi mara ya kwanza kwa mwaka anakata juu ya punje za mawe. Kisu cha kilomita 360 kwa saa kikiichota punje moja ya changarawe, huyo jirani anayekunywa kahawa upande wa pili wa ua hana ngao.

Kwa hiyo nunueni kipima mizunguko. Ni kidude kidogo, bei yake haifiki hata ya kisu kipya, na waya wake unauviringisha tu kwenye waya wa plagi kikasoma chenyewe. Washeni mashine mahali pa wazi, someni namba, kisha rekebisheni gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini, ishuke hadi kwenye mwendo ambao kitako na kisu kile viliundiwa. Mkishindwa kuipata namba ya kitako hicho, bakini chini ya 2,900, msipande. Na tafadhali, msiivute springi ya gavana ili mashine ipate nguvu. Nimeona kijana amekata springi hiyo na kuifunga upya kwa waya, anajisifu kwamba sasa inakata hata vichaka. Injini yenyewe haikukua. Ilikosa tu mtu wa kuizuia.

Baada ya mwendo, shafti. Hapa ndipo upimaji wa macho unapowadanganya. Shafti za injini hizi ndogo kwa hapa Ulaya mara nyingi ni za milimita 22.2 au milimita 25 kwa unene, na urefu unaoshuka chini ya kitako cha injini mara nyingi ni milimita 62 au 80. Ukitazama kwa jicho, 22.2 na 25 ni ndugu. Ukikifunga kishikio cha kisu chenye tundu la 25 kwenye shafti ya 22.2, kitaingia vizuri, kitakazwa kwa boliti, na mashine itawaka. Nimekuta kimoja kilichojazwa pengo lake kwa kipande cha kopo la soda kilichokunjwa. Kopo la soda, wanangu, ndilo lililokuwa limeshika kisu katikati ya mashine ambayo mtu angeisukuma huku watoto wake wakicheza uani. Kishikio lazima kiwe cha shafti ile, chenye mfereji wake wa kii, na kama hakipatikani dukani kinakerezwa na mtu mwenye mashine ya kukerezea, kwa chuma, si kwa bati.

Urefu nao una madhara yake. Mkichukua injini ya shafti ya milimita 80 mkaiweka penye kitako kilichoundiwa ya 62, kisu kinashuka milimita 18 zaidi. Kinaweza kufika sawa na ukingo wa kitako au kutokeza chini yake. Ule ukingo ndio ngao ya miguu. Ni lazima ushuke chini kuliko ncha za kisu pande zote. Wengine mnaona shafti ni ndefu mnaweka sahani nene ya chuma kati ya injini na kitako ili kuipandisha. Wazo si baya. Sahani ya kuunganishia ndiyo njia ya heshima pale ambapo matundu ya injini hayalingani na ya kitako, bora kuliko kutoboa matundu mapya sentimita moja kutoka ya zamani hadi kitako kiwe kama chujio. Lakini sahani ikiwekwa lazima mrudi kupima tena kutoka ncha ya kisu hadi ukingoni, na kutoka mgongo wa kisu hadi dari ya kitako, maana shafti fupi juu ya sahani nene inakileta kisu kikakwaruza ndani. Zungusheni kwa mkono, waya wa plagi ukiwa nje, mzunguko kamili, mkiangalia kila ncha inapopita. Sahani yenyewe iwe bapa kweli. Ikiwa imepinda hata kidogo, boliti tatu zinapokazwa zinaupinda mguu wa injini, na mtetemo utakaokuja utaimaliza alumini ya kitako kimyakimya. Ufa huanzia penye tundu la boliti. Kitako cha bati kinaweza kuchomewa na mtu anayejua. Cha alumini ya kusubu si kila mchomeleaji anakiweza, na kikishapata ufa chini ya injini mimi nakihesabu kimekufa.

Boliti ya kisu nayo isiwe ya kuokota. Kwenye shafti nyingi za milimita 22.2 uzi wake ni wa inchi, tatu kwa nane, uzi mwembamba. Kwenye boksi lenu la boliti za Sweden karibu zote ni za milimita. Ile ya milimita 10 inakaribia kuingia. Ukiilazimisha kwa spana ndefu itajikatia uzi wake mwenyewe, itakaza, utafurahi, na uzi wa shafti utakuwa umekwisha. Kila shafti iingizwe boliti yake kwa vidole kwanza. Ikikataa vidoleni, si yake. Kukaza kufanywe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wachache wanalijua, nalo linawapata hasa wanaohamisha injini kutoka mashine ya kazi nyingine. Injini nyingi za nyasi zina flaiwili nyepesi ya alumini, kwa sababu mhandisi alihesabu uzito wa kisu kuwa sehemu ya flaiwili. Kisu kikilegea, au kikiwa chepesi kuliko kile cha asili, injini inapiga teke: unavuta kamba ya kuwashia, kamba inarudi kwa nguvu na kukunyang'anya mkono. Vijana hulaumu plagi, hulaumu kabureta, hubadilisha petroli. Tazameni chini kwanza. Na kama kisu kimekaza na bado inapiga teke, fungueni juu mtazame kii ya flaiwili, kile kipande kidogo cha chuma laini kinacholala kwenye mfereji kati ya flaiwili na shafti. Kwenye injini za Briggs & Stratton kii hiyo imefanywa laini ili ikatike kisu kinapogonga jiwe, shafti inusurike. Ikikatika nusu, flaiwili inasogea, cheche inakuja wakati usio wake. Nawasihi msiweke kii ya chuma kigumu eti isikatike tena. Ikikataa kukatika kii, itapinda shafti, na shafti iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo wala kwa kitu kingine. Kuijua iliyopinda ni rahisi: toeni kisu, simamisheni msumari karibu sana na ncha ya shafti, zungusheni kwa mkono polepole. Pengo kati ya msumari na shafti likicheza, injini hiyo iwe ya kutoa vipuri.

Nimefika penye jambo lililonifanya niandike. Breki.

Tangu 1982 Marekani iliamuru kwamba kisu cha mashine ya nyasi ya kusukuma lazima kisimame ndani ya sekunde tatu baada ya mtu kuachia wenzo wa mpini, na viwango vya Ulaya navyo vinadai kisu kisimame upesi vivyo hivyo. Ule wenzo mnaoukuta umebanwa na mpini, ambao mkono ukiuachia mashine inazima, haukuwekwa kwa ajili ya kuokoa petroli. Waya wake unakwenda hadi kwenye injini, unabana ukanda au pedi kwenye flaiwili na kukata cheche kwa pamoja. Mtu akiteleza kwenye mteremko wenye umande, akaanguka na kuivuta mashine juu ya miguu yake, wenzo unaachiwa na kisu kinaweza kusimama kabla ya mguu kufika. Sekunde tatu. Bila breki, kisu kizito juu ya shafti kinaendelea kuzunguka muda mrefu kuliko huo, na hakina sauti ya injini ya kumwonya mtu anayeinama kutoa nyasi zilizoganda mdomoni mwa mashine kwa mkono.

Injini ya mashine ya presha haina breki hiyo, kwa sababu pampu ya maji haikati vidole vya mtu. Injini za nyasi za zamani sana nazo hazina. Mnapozifunga kwenye kitako chenye mpini wa kisasa, waya wa wenzo unabaki hauna pa kushikwa, na nimeona mnachokifanya: mnaufunga wenzo kwenye mpini kwa mkanda wa plastiki, mnaweka swichi ya kuzimia pembeni, mnasema inazima vizuri. Inazima, naam. Haisimami. Hayo ni mambo mawili, na tofauti yake ni mguu wa mtu.

Hapa sina nafasi ya kuwapa ya mashauriano. Injini isiyo na breki haifungwi kwenye mashine ya kusukuma. Haijalishi imeoana vipi na kitako, haijalishi inawaka kwa mvuto wa kwanza. Itafutieni pampu, itafutieni jenereta, mwuzieni mwenye mashine ya presha. Na ile yenye breki, pimeni kwa saa ya simu: iwasheni kwa mwendo kamili, achieni wenzo, sikilizeni na tazameni mpaka kisu kisimame kabisa. Ikizidi sekunde tatu, pedi imekwisha au waya umelegea, na mashine haitoki mlangoni.

Petroli nitaipitia upesi. Tangu 1 Agosti 2021 petroli ya kawaida ya oktani 95 ya Sweden ina etanoli hadi asilimia 10, na injini za zamani haziipendi. Etanoli hiyo hula mipira ya kabureta na kuvuta maji ikikaa. Tumieni petroli ya alkylate, ile ambayo Aspen waliianza hapahapa Sweden mwaka 1988, inayokaa msimu mzima wa baridi bila kuharibika na moshi wake hauwaumizi vichwa. Lakini zaidi ya aina ya petroli, nina jambo la mahali. Msifanye kazi hii kwenye vyumba vya baiskeli wala stoo za chini ya ghorofa. Juu yenu wamelala watoto wa watu, na mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa sakafuni ukitafuta moto. Stoo za pamoja za majengo haya haziruhusiwi kuwekwa petroli, na wenye jengo wana haki ya kuwatoa. Tafuteni banda. Vyama vya bustani za mjini vinayo, na baadhi yake vinafurahi kumpata mtu wa kuwatengenezea mashine zao; bustani hizo zilianzishwa kwa ajili ya watu wa kipato kama chetu, pale Anna Lindhagen na wenzake walipounda chama chao hapa Stockholm mwaka 1906.

Msidhani nawafundisha kuogopa nchi ya wenyewe. Waswidi wenyewe ni waoanishaji wakubwa. Wakulima wao, zama za shida za miaka ya 1930 na vita, walikata magari ya zamani na kuyafanya matrekta, wakayaita EPA-traktor kwa jina la duka la bei rahisi. Baadaye ikaja sheria ya A-traktor, na hadi leo kijana wa miaka 15 anaweza kuliendesha barabarani kwa kilomita 30 kwa saa. Hakuna aliyefuta ufundi huo. Lakini vijana walikuwa wakipakiana nyuma bila viti wala mikanda, wakaumia na wengine wakafa, na kuanzia 15 Julai 2023 kila anayepanda lazima awe na kiti na mkanda. Sheria hiyo ilikuja baada ya mazishi. Ninyi bado mna nafasi ya kuitangulia yenu.

Maana sasa wengi wenu hamkati nyasi zenu tena. Mmefungua kampuni, mna F-skatt, usajili wa kodi wa mwenye biashara, na wateja wa Bromma wanawaita kwa sababu tangu 2007 makato ya kodi ya RUT kwa kazi za nyumbani yanawarudishia nusu ya gharama ya kazi. Hilo ni jambo jema na nawaombea liwe kubwa. Lakini bibi wa miaka 80 anayewafungulia geti anaona mashine nyekundu yenye jina la kiwanda ubavuni na anaamini ni ya kiwanda. Si ya kiwanda tena. Kanuni mpya ya mashine ya Umoja wa Ulaya, namba 2023/1230, itakayoanza kutumika 20 Januari 2027, inasema wazi: anayeibadilisha mashine kiasi cha kuongeza hatari yake, na si kwa matumizi yake binafsi nyumbani, anahesabiwa kuwa mtengenezaji, na wajibu wote wa mtengenezaji unamwangukia yeye. Alama ya CE iliyogongwa kwenye kitako iligongewa ile injini mliyoitupa. Jiwe likimtoa jicho mpita njia, bima yenu itauliza injini ilitoka wapi, na mtakuwa hamna karatasi ya kuonyesha.

Kwa hiyo kwa wateja nendeni na mashine ambayo haijabadilishwa, hata iwe kuukuu. Zile mlizozioanisha zitumieni kwenu, au muuze kwa mtu mkimwambia kwa maandishi: kitako hiki, injini hii, kisu hiki, mwendo uliopimwa, sekunde za breki. Karatasi moja, ibandikeni chini ya mpini. Fundi anayejua alichokifanya haoni tabu kukiandika. Vilevile zile mnazopakia kwenye makontena ya Dar es Salaam na Mombasa. Shangazi atakayeipokea Kigamboni hana duka la vipuri karibu, hana daktari wa mishipa karibu, na atampa kijana wa shamba aisukume akiwa amevaa ndala.

Na ziko ambazo tayari zimetoka mikononi mwenu. Kama kati ya hizo kuna moja tu ambayo wenzo wake mliufunga kwa plastiki, au injini yake ilitoka kwenye mashine ya presha, mtafuteni mnunuzi wiki hii. Mwambieni asiitumie. Rudisheni fedha yake au mpelekeeni injini yenye breki kwa gharama zenu, na mkiifunga mpime mbele yake. Kama namba yake ya simu imepotea, ujumbe mlioandikiana Blocket siku ya kuuza huenda bado upo. Anzeni hapo, na nyasi zikiwa bado hazijaota, ni rahisi zaidi kuwapata kabla hawajaiwasha.